Ruhusa ya Kiwanja Kilichokatwa na Barabara

Mama Mikate alikuwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa amekanda, ameoka na kuuza. Kisha akashinda kwenye benchi la halmashauri. Sasa alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye chumba walichopanga. Alipanda, akapumzika, akapanda tena.

Ndani, mama mkwe wake alikuwa amekaa dirishani. Magoti yalikuwa yamemgomea, ngazi zikamshinda. Tangu mvua zilizopita alikuwa hajatoka nje, isipokuwa siku za hospitali, mwanawe alipombeba mgongoni.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wamekataa, Mama."

Bibi aligeukia dirisha.  

Familia ilikuwa na kiwanja alichoacha marehemu baba mkwe. Lakini kilikuwa kidogo kuliko kipimo cha sheria. Kiwanja kama hicho hakijengwi mpaka kamati ya mipango miji itoe ruhusa maalumu. Mbele ya kamati, Mama Mikate alikuwa ameeleza magoti, ngazi, kodi ya chumba na mgongo wa mumewe. Alilia sana. Wajumbe walimpa pole, kisha wakakataa.

Tena alisikia kwamba jirani wa kiwanja ndiye aliyepinga. Jirani huyo alikuwa mkunga mstaafu, na watu bado walimwita Mkunga. Zamani aliwahi kuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo. Kesho yake Mama Mikate alimfuata.

"Mama, nimekukosea nini?" aliuliza. Hata nguvu ya kugombana hakuwa nayo.

"Kaa kwanza, mwanangu. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo! Mbona umetunyima nyumba?"

"Sikukataa nyumba. Nimekataa ukuta. Njoo uone."

Mkunga alimpeleka jikoni. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilitazama kiwanja.

"Ramani yenu imejaza kiwanja chote," Mkunga alisema. "Ukuta ungefika hapa. Mimi ningepika gizani mchana kweupe. Na moto ukishika kwenu, umeshika kwangu."

Mama Mikate alilisogelea dirisha. Hakuwahi kuingia jiko lile, wala hakuwahi kumuuliza Mkunga chochote. Aliona haya.

"Lakini mama mkwe wangu anateseka," alisema hatimaye.

"Najua. Ila kila anayekwenda pale ana mgonjwa, ana watoto, anadaiwa kodi. Nilikaa kwenye ile kamati mpaka huruma yenyewe ikachoka. Sikiliza. Ruhusa hapewi mtu, inapewa ardhi. Mkiuza kesho, nyumba inabaki. Kwa hiyo wanataka kujua habari za kiwanja. Kina shida gani? Nani alikifanya kidogo? Mnaomba kile mnachohitaji tu, au mnazidisha? Na jirani ataumia?"

"Zamani kilikuwa kikubwa," Mama Mikate alisema. "Barabara ilipopanuliwa, kipande cha mbele kilichukuliwa."

Mkunga alimkodolea macho. "Kamati uliwaambia?"

"Hapana. Niliona hayo ni mambo ya kale."

"Ala! Hilo ndilo la kusema! Mngekigawa wenyewe mkauza nusu, wangewaambia mmejitakia. Nyinyi hamkukikata."

Nyumbani, Mama Mikate na mumewe, fundi wa matairi, waliitandaza ramani kitandani. Ili waache nafasi upande wa dirisha la Mkunga, chumba kimoja kilipaswa kuondoka.

"Tuondoe duka la mikate," alisema Mama Mikate.

"Si ndiyo ndoto yako hiyo?"

"Ndoto nayo ipumzike. Tupate kwanza mlango usio na ngazi."

Walirudi kwenye kamati na ramani mpya. Safari hii Mama Mikate alieleza barabara, kipande kilichokwenda, na nafasi waliyoiacha. Mkunga alisimama akasema hana kipingamizi tena. Wajumbe walinong'onezana, wakatoa ruhusa, kwa sharti kwamba nafasi ile isijengwe kamwe. Hakuna aliyetaja magoti ya bibi. Hilo lilimuudhi Mama Mikate kidogo, japo sasa alielewa sababu.

Ujenzi ulikwenda polepole, kama ujenzi wa watu wasio na kitu. Hatimaye walihamia, vyumba viwili na jiko, vyote chini.

Asubuhi ya kwanza, kitanda cha bibi kilikuwa kitupu. Fimbo yake haikuwepo. Mama Mikate alipiga kelele, mumewe akatoka mbio bila viatu. Waliita mtaa mzima. Mwishowe wakasikia kicheko jikoni kwa Mkunga. Bibi alikuwa amekaa pale na kikombe cha chai, anausema vibaya mkate wa mkwewe.

"Mama! Mbona hukuaga?"

"Niage, kwani nasafiri?" bibi alijibu. "Nimetoka tu."