Joto Nyuma ya Picha ya Baba

Kila siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jovina huchomeka pasi. Anapiga pasi nguo za watu chumbani kwake mpaka saa mbili. Hiyo ndiyo kazi inayowalisha yeye na mama yake, Apolonia, katika nyumba yao ndogo ya Mtoni.

Apolonia hukaa sebuleni na rozari yake. Ukutani pana picha moja tu, ya marehemu mumewe, Audax. Siku ya arobaini, Jovina aligonga msumari kwa mkono wake, akaitundika juu ya soketi ya televisheni. Kila jioni Apolonia huweka kiganja juu ya kioo cha picha na kumwombea mumewe.

Jioni moja akaita, "Jovina, hebu njoo ushike hapa."

Jovina akashika. Kioo kilikuwa na uvuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala. Akautoa mkono haraka.

"Ni jua, mama."

"Jua gani saa moja hii?"

Tangu siku hiyo joto likawa linakuja kila jioni. Lilikuja saa moja, saa ambayo Audax alizoea kurudi kutoka kazini. Saa tatu lilikuwa limeondoka. Jumapili halikuja kabisa.

"Jumapili yuko mbele za Mungu," alisema Apolonia. "Siku nyingine anapita kutuona."

Kisha ikaja harufu. Sebule ilinuka samaki, na hakuna aliyepika samaki.

"Baba yako na sato wake," alisema Apolonia akitabasamu. Usiku huo alivuta godoro lake, akalitandika chini ya picha.

Jovina hakutabasamu. Alianza kupita mlango wa nyuma ili asipite sebuleni. Alisali, lakini woga haukutoka. Siku moja alipokuwa anapiga pasi, taa ilififia, ikarudi, ikafifia tena. Akaiacha pasi imesimama, akaenda nyumba ya tatu kwa Somoe, fundi umeme wa kiwandani.

"Somoe, mie naogopa nyumba yetu," alisema. Akamweleza yote.

"Anakuja saa ngapi huyo marehemu?"

"Saa moja. Jumapili haji."

"Ana ratiba nzuri kuliko mabosi wetu," alisema Somoe. Kisha akaacha utani. "Na Jumapili wewe unapiga pasi?"

"Sipigi. Ni siku ya Bwana."

Somoe alichukua mkoba wake. "Twende sasa hivi. Pasi umezima?"

"Nimeiacha inawaka."

"Basi tukimbie."

Apolonia alikuwa amekaa juu ya godoro lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila picha haiguswi."

"Sitaigusa. Nitaitazama kwa mbali tu."

Somoe alichomeka kwenye simu yake kifaa kidogo, kama kiberiti. Kikalia, *tik*.

"Nini hicho?" aliuliza Apolonia.

"Kamera ya joto, mama. Ikilia *tik* inafumba jicho kidogo ijirekebishe, kisha inaendelea kuona. Haihitaji mwanga. Kila kitu kinatoa joto, hata ukuta, hata wewe. Yenyewe inaona hilo joto."

Apolonia akainuka, akasimama karibu na Somoe mbele ya picha, wote wakatazama kioo cha simu. Sebule yao ilikuwa imebadilika. Ukuta ulikuwa wa zambarau, kama kilindi cha maji. Kutoka kwenye soketi, mstari wa njano ulipanda wima hadi kwenye picha. Kuizunguka fremu kulikuwa na doa jeupe linalong'aa.

Ndani ya fremu, pale palipotakiwa kuwa na uso wa Audax, palikuwa na kivuli cha mtu mwingine. Kilikuwa hafifu. Hakikuwa na macho. Kikasogea.

"Yesu na Maria," Apolonia alinong'ona. "Ni yeye?"

"Mama, inua mkono."

Apolonia aliinua mkono. Kivuli kikainua mkono.

"Ni wewe," alisema Somoe taratibu. "Kamera hii haioni kilicho nyuma ya kioo. Kioo kinazuia joto la nyuma yake, na la mbele kinalirudisha kama kioo cha kujitazamia. Unajiona mwenyewe."

"Na hilo doa jeupe?"

"Hilo si wewe. Jovina, kazime pasi."

Jovina akaizima, akarudi, wakasubiri. Jovina hakuweza kunyamaza. "Inaonaje joto?"

"Ndani mna vidoa vingi mno, vyembamba kuliko unywele. Joto likikifikia kidoa, kinapata moto kidogo, na umeme unaopita ndani yake unabadilika. Mashine inageuza hayo kuwa rangi. Kamera nyingine lazima zipoozwe kwa baridi kali ndiyo zione, nazo ni kubwa na ghali. Hii inafanya kazi na joto la kawaida la chumba, ndiyo maana inaingia mfukoni. Kazini naitumia kutafuta mota zinazochemka. Wazimamoto wanatafutia watu kwenye moshi."

"Inaona ndani ya ukuta?"

"Hapana. Inaona joto lililofika juu ya ukuta. Inaniambia nitafute wapi. Ugonjwa wenyewe haiutaji."

Baada ya nusu saa doa jeupe lilikuwa la njano, kisha jekundu. Apolonia alilitazama likififia kama mtu anayeondoka bila kuaga. Mwisho ukuta wote ukawa wa zambarau.

"Kumbe ni pasi," alisema.

Somoe alizima swichi kuu, akawasha tochi. "Sasa, mama, naomba ruhusa niishushe picha."

Apolonia alibusu msalaba wa rozari. "Nitaishusha mwenyewe."

Somoe alichimba plasta kuzunguka msumari. Harufu ya samaki ikatoka. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya plastiki iliyoungua. Msumari ulikuwa umetoboa bomba la waya na kukata nyuzi za shaba. Zilibaki nyuzi mbili au tatu, na umeme wote wa pasi ya chumbani ulipita hapo. Bomba lilikuwa jeusi. Chini yake palikuwa na mto wa Apolonia.

"Mkono wako ungeugusa msumari huu, mama, umeme ungeweza kukuua," alisema Somoe.

"Mimi ndiye niliyeugonga," alisema Jovina.

"Hukujua. Sasa jua. Waya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usigonge msumari juu yake wala chini yake. Na ukuta ukipata joto, taa ikififia, au ukisikia harufu ya plastiki au ya samaki wasiokuwepo, zima swichi kuu, kisha muite fundi. Sala endelea nayo, ila umeme uwe umezimwa."

Kesho yake Somoe alibadilisha waya. Picha ikatundikwa ukuta wa pili, mbali na soketi. Jioni Jovina alipiga pasi saa nzima, na Somoe akapima tena. Ukuta ulikuwa wa zambarau wote.

Apolonia aliweka kiganja juu ya kioo cha picha. Kilikuwa baridi. Alisimama pale muda mrefu.

"Toa mkono, mama, uone," alisema Somoe.

Kwenye simu, juu ya kioo cha picha, kilibaki kiganja cheupe chenye vidole vitano. Kilififia polepole.

"Hilo joto la nani?"

"Lako, mama."

Apolonia alirudisha mkono palepale. "Basi nitakuwa namletea mimi," alisema.

Alipomaliza kusali, alikunja godoro lake na kulirudisha chumbani.