Mgeni Asiye na Begi

Mtaniwia radhi. Hadithi hii inataka msimuliaji wa sauti nzito na uso mkavu, na mliyempata ni mtu ambaye hata matangani huombwa akae nje asije akawachekesha wafiwa. Nitaiharibu, najua. Chekeni mnapotaka; mwishoni tutajuta pamoja.

Basi. Afisa wa pasipoti pale Seeb, uwanja wa ndege wa Oman, aligonga muhuri, akatupa jicho nyuma ya bega la Musallam, akamuuliza kwa Kiarabu kama yule mama mzee yuko naye.

Musallam hakugeuka. Alidhani ni bibi fulani anayetaka kuruka foleni, na kukataa kungezua maelezo, na maelezo hula wakati. "Aywa," alisema, "yuko nami." Akapita.

Lazima mumjue mtu huyu. Wenzake wa Ibra, mji wake huko bara ya Oman, hujisifia ngamia. Yeye alijisifia muhuri. Kampuni ya vipuri ilimpeleka Dubai kila mara, na yeyote mtaani aliyetaka kusafiri alipita kwanza barazani kwake kupewa darsa. Kiti cha mbele. Mkoba wa mkononi tu, maana mwenye begi hubaki amesimama akingoja kama bwana harusi aliyekimbiwa. Kadi ya uhamiaji ijazwe angani. Hoteli iwe ile inayoonekana kutoka mlangoni mwa uwanja, na chumba kiwe cha chini, usingoje lifti. Ukiulizwa neno, jibu "aywa" usonge mbele. Na la mwisho, alilolisema kidole kikiwa juu: usimsalimie Mswahili kabla ya muhuri. Atakuuliza hali ya baba, hali ya mama, hali ya paka, na huku nyuma ndege nyengine zimeshatua.

Safari hii alikuwa anatoka Unguja, mwaka wa tisini na nane, kumzika mama yake. Bi Kuruthum alikuwa katika wale waliokataa kuhama baada ya Mapinduzi. Watoto walikwenda Oman, yeye akabaki na nyumba yake ya mtaa wa Malindi, huko huko Unguja. Musallam alizika asubuhi. Adhuhuri, mikeka ya matanga ndiyo kwanza inatandikwa, yeye ameshafunga mkoba. Bi Ghalia, shoga wa marehemu tangu usichana, alimfuata mpaka ukumbini akimwomba angoje walau hitma. Nyumba hii ina mwenyewe mwengine, alimwambia. Mama yako alikuwa akimtilia ubani na halua kila Ijumaa, na sasa hana mtu. Kama huwezi kukaa naye, muage. Musallam alisema atarudi, akatoka bila kuaga mtu wala dude. Alikuwa ameshapata kiti cha mbele.

Ndege ilitua jua likizama, na njia ya Ibra kwa giza ina ngamia wanaovuka bila kuuliza. Kwa hiyo akaenda hotelini kwake, ile ya mkabala. Karani alimpa chumba cha vitanda viwili, akauliza kama mama angependa chai. Musallam alikuwa ameshanyoosha mkono wa ufunguo. "Aywa," alisema.

Chumba kilinukia ubani, na chini ya ubani mna ule unyevu wa kuta za chokaa za nyumba kongwe, nyumba ambazo Seeb haina. Alifungua kiyoyozi. Akaingia kutawadha kwa ajili ya Magharibi, na alipokuwa anajifuta uso akasikia kutoka ukumbini, kwa sauti ya taratibu:

"Hodi."

Sasa nyinyi mnajua. Oman watu hubonyeza kengele, au hukohoa. Miaka mingapi hakuisikia hodi mlangoni, na mtu wa pwani akipigiwa hodi kinywa hujibu kabla ya kichwa.

"Karibu," alisema, taulo lingali usoni.

Mlango haukufunguka. Ila alipoliondoa taulo, godoro la kitanda cha pili lilikuwa linabonyea polepole, kama linavyobonyea chini ya mtu mzima mwenye maumivu ya nyonga.

Alilala garini. Alfajiri aliendesha mpaka Ibra madirisha wazi, wala hakumsimulia mkewe Ghaniya yaliyompata.

Ilianza kwa harufu, wakati wa adhuhuri, watu wamejilaza. Kisha mchakacho wa makubadhi kwenye saruji, katika nyumba ambayo hakuna anayevaa makubadhi. Kisha Balqis, binti yao wa miaka sita, mtoto ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikataa wali, akataka halua na kahawa chungu, akakaa mkao wa kizee mguu mmoja umenyooshwa. Na mchana mmoja Musallam alipopita mlangoni kwa nyayo za paka, kama alivyozoea sasa kupita ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtoto aligeuza shingo bila kugeuza mabega, akamtazama kwa macho yasiyopepesa, na kwa sauti iliyokuwa imezikwa Unguja na yeye mwenyewe akiitilia mchanga, akamwita Kishada, jina ambalo mama yake peke yake alimwitia, kwa kuwa utotoni hakukamatika, kama kishada kilichokata uzi.

"Kishada, mbona hukai?"

Kila siku mtoto alizidi kukonda na ile sauti ilizidi kunona.

Musallam alilaumu udi wa Nizwa aliokuja nao Ghaniya. Akalaumu na wakwe waliouuza. Ghaniya, ambaye hakuwa na nguvu za kugombana, alimshika mkono wakiwa jikoni.

"Baba Balqis," alinong'ona, "jana nimemwogesha. Nimeshika mifupa. Mwanangu anakwisha."

Ndipo akaitwa Mwalimu Hamdun kutoka Mudhaibi. Alimsomea mtoto, akasikiliza, akauliza habari za safari, na Musallam akamweleza zote, na kila alipofika penye "aywa" sauti yake ilishuka.

"Mama yako kalala, Mungu amrehemu," alisema Mwalimu. "Huyu ni wa nyumba yenu, kavaa sauti yake. Umemkubali mlangoni, ukamkubali hotelini, kisha ukamkaribisha. Mgeni wa namna hiyo hapigwi. Husindikizwa, kama tunavyosindikizana sisi. Mpeleke hadi alikoingilia, ukae naye, usigeuke mpaka yeye akwambie rudi. Na usifanye haraka."

Musallam alimpeleka. Garini, kiti cha pembeni yake kilibonyea njia nzima. Pale uwanjani, kwenye ukumbi wa waondokao, aliweka sahani ya halua na kikombe cha kahawa kwenye kiti kitupu, akakaa. Ndege ziliitwa zikaondoka. Na kwa mara ya kwanza tangu maziko alilia, akamwomba radhi mama yake kwa mikeka aliyoiruka, na ubani ukaanza kupungua puani mwake, ukapungua, mpaka ukawa uzi tu.

Hapo lango la pili likafunguliwa, abiria wakajipanga, na bwana mmoja mwenye mabegi akashika foleni isiyokwenda. Musallam alimwona. Mkono wake, wallahi wenyewe, ukapandisha mkono wa kanzu, jicho likashuka kwenye saa.

"Una haraka, Kishada?"

Na kile kinywa kikajibu. "Aywa."

"Basi rudi."

Alirudi kama aliyefunguliwa pingu. Alipita njia zote za mkato azijuazo, hakusimama hata kwa mafuta, akimshukuru Mungu mpaka Ibra.

Mlango ulifunguliwa kabla hajaugusa. Ndani, ubani umejaa kama moshi wa kuni. Balqis amekaa mguu umenyooshwa, kikombe cha kahawa mkononi, na kilikuwa hakitoi mvuke tena.

"Umechelewa, mwanangu," ilisema ile sauti. "Mimi sina begi la kungoja."

Ghaniya alikuwa amejibanza ukutani. Aliuliza kwa mnong'ono ni nani huyo aliyemfundisha shetani kupita upesi namna hii.

Musallam alivua viatu, polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Usimlaumu shetani," alisema. "Darsa alipewa na mimi. Tena bure."