Ukuta wa Viganja vya Mzee Ambilikile

Misumari iliisha ukiwa umebaki ubao mmoja tu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Generosa akajifunga kanga, akamwacha mtoto amelala kitandani, akatoka mbio kwenda duka la njia panda. Fundi Nelson alibaki chumbani akikusanya vipande. Anyisile, wifi yake Generosa, alikuwa uani akipepeta mchele, na hakuinua uso.

"Wifi, niangalizie mtoto."

"Namwangalia. Na wewe ungejiangalia."

Hawakupendana, na hakuna aliyejisumbua kuficha. Generosa ni muuguzi, mtu wa Songea, kazi ilimleta kijiji cha Ikolo akaolewa na Gwamaka, kaka yake Anyisile. Tangu siku ya kwanza Anyisile alimwona mgeni mwenye mdomo. Wiki hiyo ugomvi wao ulikuwa ukuta.

Ukuta wa chumba cha mtoto aliupiga lipu marehemu baba mkwe, Mzee Ambilikile, kwa mikono mitupu, saruji na changarawe za ufukweni, bila mwiko. Ulijaa vipele, na katikati ya vipele zilibaki alama za viganja vyake, toka sakafuni hadi darini. Lusungu, miezi tisa, alikuwa akijifunza kusimama kwa kuushika ukuta huo, na kila jioni mikono yake ilichubuka damu. Mama gani angevumilia? Generosa alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wanavyofunika kuta mbaya: mbao pana zinasimamishwa wima, kisha papi, vibanzi vyembamba vya mbao, zinapigiliwa juu ya maungio. Gwamaka, aliyekuwa safarini na lori la kakao, alikubali kwa simu, kama alivyokubali kila kitu akiwa mbali.

Anyisile alikataa. Huku kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, hawagusani, hata njia hawapishani. Mzee enzi zake, ananuka ugoro, alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia uani, na Generosa akitoka kwa mlango wa nyuma huku anacheka chinichini.

"Viganja vile ni Tata mwenyewe, ni baba yetu," Anyisile alisema. "Fundi aguse. Wewe usiguse."

Laiti angesikia! Lakini Generosa hakuwa mtu wa kuambiwa. Mchana, Nelson alipokwenda kula, alishika patasi na nyundo, akaanza kupunguza vipele ili mbao zikae sawa. Halafu, kwa hasira tu, akaielekeza patasi kwenye kiganja kimoja. Kidole gumba kilipong'oka, saruji ilitoa unyevu. Aliugusa. Ulikuwa na joto.

Hakumwambia mtu.

Sasa alirudi na misumari yake kiganjani, giza likianza kuingia. Nelson alimkuta njiani, hana viatu, hana zana, anatembea upesi.

"Fundi! Misumari hii hapa."

"Ubao umeshapigiliwa, mama," alinong'ona. "Si mimi."

Hakusimama.

Uani ungo ulikuwa chini, mchele umemwagika. Generosa alipita akiita, akasukuma mlango wa chumba. Mbao zilisimama safi kutoka pembe hadi pembe, bila pengo. Harufu ya saruji mbichi ilijaa... na ugoro.

Kitanda kilikuwa kitupu.

"Lusungu?"

Nyuma ya mbao, kitu kikakwaruza. Kucha ndogo juu ya changarawe.

Nafasi kati ya mbao na ukuta ilikuwa ya vidole viwili. Mtoto haenei humo. Generosa alijua haenei. Alichomeka patasi chini ya papi, akabandua kwa nguvu zake zote.

Kikohozi.

Cha mtu mzima, kizito, upande wa pili wa ubao, usawa wa uso wake.

Kikarudia.

Alikijua. Miaka mitatu alikuwa amekipisha kikohozi hicho, na sasa miguu yake yenyewe ilitaka kutoka.

"Toka," Anyisile alinong'ona kutoka mlangoni. "Anaomba njia. Mpishe."

"Mwanangu yumo humo!"

"Ndiyo. Kwa hiyo toka, mwendawazimu wewe!"

Akabandua tena. Kukwaruza kukafifia. Akabandua tena, na kukawa kimya kabisa, na baridi ikapenya kwenye ufa ikamshika vidole. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kila anapovuta, anamuua mtoto wake kwa mkono wake.

Patasi ikamdondoka. Akajifunika uso kwa kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nje alisikia misumari ikichomoka mmoja mmoja na kuanguka sakafuni. Kisha akasikia kilio cha Lusungu. Akarudi ndani mbio, mikono mbele.

Anyisile alikuwa amempakata mtoto. Mzima, vumbi la saruji kwenye nywele. Lusungu alipomwona mama yake kilio kilikatika. Akageuza uso, akauficha shingoni kwa shangazi yake.

Akakohoa.

Kifua kile kidogo kilitoa sauti nzito ya mzee. Generosa akamshika mguu, na papo hapo mguu ukawa baridi, midomo ya mtoto ikageuka bluu, pumzi ikasimama. Alipomwachia, pumzi ikarudi. Yeye ni muuguzi, alitaka kuhakikisha. Alijaribu mara moja zaidi. Hakuthubutu ya tatu.

Gwamaka alirudi Jumatatu. Mchungaji aliomba, daktari alipima, akasema mtoto ana afya kuliko wengi. Maziwa ya mama yalipokamuliwa kikombeni, Lusungu aliyatema. Uji wa shangazi anaumaliza, na ananenepa.

Generosa analala jiko la nje. Kuondoka hawezi, kukaribia hawezi. Kila jioni mlango wa mbele unafunguliwa, na Anyisile anatoka na mtoto mgongoni kumpeleka kuoga. Siku hizi anasema bila chuki, kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaomchoma Generosa:

"Pisha njia, wifi. Tata anapita."

Naye, gauni limelowa maziwa kifuani, anaingia kwenye mikakao na kugeuza mgongo mpaka wapite.