Kabari ya Upande Mmoja

Jua lilikuwa linazama Mzee Nyuzi alipovuka barabara kwenda kwa seremala kuomba kipande cha mbao ngumu, kisichozidi kidole gumba.

"Unamchongea panya jeneza?" seremala alimtania.

"Kabari, jirani. Nina gitaa halitulii."

"Na wewe utatulia lini? Tangu shemeji atutoke, unaongea na magitaa tu."

Mzee Nyuzi alicheka kidogo, akachukua kipande chake, akarudi. Nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza amechelewa wapi. Mbele ilikuwa karakana, nyuma kitanda, katikati pazia. Vikombe viwili vilining'inia ukutani. Kimoja kilikuwa na vumbi.

Gitaa hilo la umeme lililetwa mchana na mjane wa mpiga gitaa. Daraja lake, yaani kile chuma kinachobeba nyuzi, lilikuwa la kuelea. Halikulala juu ya ubao. Nyuzi zililivuta huku, springi za mgongoni zikalivuta kule, nalo likakaa katikati. Pembeni ya daraja huchomekwa chuma chembamba ambacho mafundi hukiita mkono. Ukiubonyeza, sauti inashuka. Ukiuvuta, inapanda.

Gitaa hili halikuwa na mkono.

"Kila jioni anashuka," mjane alikuwa amemwambia. "Anakaa kidogo. Halafu anapanda, juu kabisa, ndipo anaondoka."

"Linashuka," Mzee Nyuzi alimsahihisha. Shule aliyosoma utotoni ilichapa watu kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Anashuka," mjane alirudia kwa upole. "Mume wangu alifia jukwaani, ameubonyeza mkono, wimbo haujaisha. Nimechoka, Fundi. Mfanye atulie, nami nipate usingizi."

"Na mkono wenyewe uko wapi?"

"Amezikwa nao. Vidole vilikataa kuuachia."

Aliyachukulia maneno hayo kuwa uchungu wa msiba, basi.

Sasa aliwasha taa, akafungua kifuniko cha mgongoni, akachonga kabari na kuisukuma ndani kwa kidole. Aliiweka upande wa springi tu, kama alivyowawekea wapiga gitaa wote wa bendi za dansi. Kabari ya upande huo huliacha daraja lishuke, lisipande. Uzi mmoja ukikatika, nyingine hazipotezi sauti. Hakufikiri zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimezoea hivyo.

Akaligeuza gitaa, akapiga uzi mnene kuipima sauti.

Ikatoka safi...

Kisha ikaanza kushuka.

Daraja liliinama polepole, kana kwamba kiganja kimeliegemea. Harufu ikaingia chumbani: jasho, sigara, vumbi la spika iliyopata moto. Alijikaza, akangoja.

Daraja likainuka, likafika mahali pake. Hapo likagonga kabari.

Tk.

Likashuka, likajaribu tena.

Tk... tk...

Kama mtu anayegonga mlango kwa ndani.

Halafu kimya. Nyuma ya pazia kitanda kikalia, upande aliokuwa akilala mkewe.

Aliduwaa, bisibisi mkononi. Alielewa kosa lake. Amemruhusu marehemu kushuka, amemzibia njia ya kupanda aondoke.

Hodi ikapigwa. Mjane alikuwa ameshindwa kungoja hadi kesho. Aliingia, akagusa nyuzi. Sauti ilisimama wima, haikutikisika. Alingoja mpaka ikaisha yenyewe, machozi yakamlengalenga.

"Ameondoka," alinong'ona. "Fundi, ameondoka kweli?"

Mzee Nyuzi alitaka kusema: mama, niachie mpaka kesho. Kabari ile ingetoka kwa ukucha tu. Lakini nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi, na moyo wa mzee, badala ya kushtuka, ukafurahi. Miaka mingi hapakuwa na pumzi nyingine humu ndani.

"Nenda ukalale, mama," alisema.

Akamsikiliza akienda na gitaa lake, mpaka nyayo zikapotea.

Kisha alitungua kile kikombe cha vumbi, akakifuta kwa shati, akakiweka mezani kando ya chake.

"Karibu," alinong'ona kuelekea pazia.

Pazia halikutikisika. Lakini begani mwake kitu kilitua. Chembamba. Baridi. Chuma... na vidole vilivyokishika.

Kikabonyeza.

Alifungua kinywa amwite seremala. Sauti yake ilitoka, ikashuka, ikashuka, hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Asubuhi seremala alichungulia mlangoni. "Mbona umepinda hivyo, jirani? Umelalia nyundo? Enhe, lile gitaa limetulia?"

Mzee Nyuzi alikuwa amekaa mbele ya vikombe viwili vilivyojaa chai iliyopoa, bega moja limeinama. Alijibu kwa sauti nzito, ya chini, isiyokuwa yake.

"Ametulia."

"Ametulia nani?"

Mzee aligeuza macho kuelekea pazia, polepole.

"Hajapanda," alisema.