Ng'ombe wa Saruji

Upepo wa ziwani uliangusha ua wa matete Jumatatu asubuhi, na mji wa Musoma ukamwona ng'ombe. Alisimama katikati ya bustani, mzima, wa saruji, kichwa amekigeuzia ziwa. Mwezi mzima watu walidhani nyuma ya ua ule kunajengwa choo.

"Hiyo ni mifuko yangu mitatu!" alifoka Mhoja, ofisa ujenzi. "Imeibwa ghalani. Mwaka huu wa sabini na nne watu wanahamia vijijini, hawana hata zahanati, mtu anachezea saruji! Mwizi afungwe, na ng'ombe huyu nimvunje."

"Kesho," alisema Inspekta Machage. "Leo ni kielelezo."

Alimzunguka ng'ombe taratibu. Alama za vidole hazikuwepo. Mtu alikuwa amepangusa saruji kwa gunia bichi. Lakini masikio! La kushoto lilipasuliwa mara mbili, la kulia lilitobolewa tundu. Machage, mtoto wa wafugaji, alitabasamu. Hayo hayakuwa mapambo. Kila ukoo hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake, ili wasichanganyike na wa jirani.

Aliyachora kwenye daftari, akaendesha hadi mnadani Bunda. Mzee Ngolo, mkaguzi wa mifugo tangu enzi za mkoloni, aliutazama mchoro mara moja tu.

"Wa kijiji cha Buswahili huyu. Kwa kina Magesa."

"Una hakika, mzee?"

"Wewe unasahauga sura ya mama yako?"

Silasi Magesa alikuwa mwashi wa Mhoja mwenyewe. Machage alimkuta kwake Kigera, analoweka brashi.

"Saruji uliitoa wapi?"

"Saruji gani, afande?"

"Ile yenye mkia."

Silasi aliiweka brashi chini.

"Ungeacha masikio mazima, nisingekupata."

"Ningeyaacha mazima, asingemjua."

"Nani?"

"Mama. Haoni, mwaka wa pili sasa. Tulipohamia kijijini, ng'ombe wake aliingizwa kwenye zizi la kijiji, akafa kwa ndigana, homa ya kupe. Nikamleta mama huku. Kila akiamka ananyoosha mkono, anatafuta sikio. Niliiba, afande. Chumba cha kupanga hakiingii ng'ombe, ndiyo nikamweka bustanini. Lakini nikifungwa, nani atamwongoza mama?"

Machage alimfunga pingu.

Kesho yake Mhoja alifika na nyundo ya kuvunjia mawe. Machage alikuwapo na mshtakiwa wake. Bi Nyamburi, mama yake Silasi, alikuwa ametangulia, ameongozwa na jirani. Kiganja kimoja mgongoni mwa ng'ombe, kingine sikioni, anamnong'oneza kitu.

"Nani huyo mwenye viatu vizito?" aliuliza. "Usije kwa nyuma, baba. Pitia mbele. Huyu anapigaga teke."

Mhoja alisita. Aliitazama miguu ya saruji. Kisha akazunguka, akapitia mbele.

"Haya, mshike," bibi alimwambia. "Hapa, chini ya shingo. Anapendaga hapo."

Mhoja alimshika. Halafu akageuka, akamkabidhi Silasi nyundo katika mikono yake yenye pingu.

"Jumamosi unakwenda kijijini Murangi. Zahanati inayojengwa kule haina sakafu. Utafanya bila posho mpaka iishe, na ikipasuka nakurudisha kwa Inspekta. Umenisikia?"

"Nimesikia, bwana."

Machage akatoa ufunguo.