Doriani la Chumba cha Pili

Kofi lilitua shavuni kwa Haslinda kabla hajamaliza kusema kwamba godoro lina kunguni.

"Kelele! Tangu tufike ni kulalamika tu!"

"Zamri, uliniambia hoteli ina bwawa. Bwawa lenyewe limejaa vyura! Maji ya bafuni yanatoka kama chai. Miaka saba sijaenda likizo, ndiyo unanileta huku?"

"Pesa ndiyo hiyo. Hutaki, kalale ufukweni!"

Akaubamiza mlango, eti anakwenda kuwawashia moto watu wa mapokezi. Haslinda akajifuta damu mdomoni kwa ncha ya mtandio. Kwenye kitanda cha pili alikaa mama mkwe wake, Mak Senah, macho ukutani, utadhani hajaona kitu.

"Vumilia, mwanangu. Ana hasira, ila si mhuni."

Neno hilo ndilo lililomweka Haslinda kwenye ndoa. Ananipiga, lakini ni wangu peke yangu. Alijidanganya hivyo mwaka hadi mwaka.

Zamri akarudi baada ya muda, ananuka. Jamani, doriani, tunda lile la miiba, harufu yake haifichiki! Ukilila leo, kesho kutwa jirani bado anajua.

"Umekula doriani wapi, na hoteli nzima imepiga marufuku?"

"Doriani gani? Unataka kofi lingine?"

Mlango ukagongwa. Mlinzi wa hoteli, pua juu.

"Samahani bosi, wageni wanalalamika. Kuna mtu kaingiza doriani ghorofa hii." Akanusa. "Humu hamna. Ila wewe unanuka."

Akageukia mlango wa chumba cha pili, cha jirani. Zamri akamrukia, akamkaba shati.

"Hicho kiache!"

"Kwani si chako pia? Vyote viwili umelipia wewe."

Mlango wa pili ukafunguka. Akatoka binti kajifunga saruni kifuani, vidole vimejaa utelezi wa doriani.

"Mpenzi, mbona kelele? Rudi tumalizie lile kubwa."

Haslinda akatoka mlangoni.

"Kumbe! Pesa ya hoteli ya maana umeigawa mara mbili! Mimi na mama yako tunaliwa na kunguni, hawara wako yuko ukuta wa pili!"

Ngumi ikamwangusha. Zamri akamvuta kwa nywele, akampiga teke la mbavu, la pili, la tatu. Mlinzi alipomshika, naye akala kiwiko cha pua, damu ikamwagika sakafuni.

Mak Senah akawapita wote, akaingia chumba cha pili. Akatoka na doriani zima kalishika kikonyo, akalishusha mgongoni kwa mwanawe, miiba ikachana shati na nyama.

"Mama! Unanipiga mimi?"

"Mhuni mkubwa wewe!"

Akalishusha tena. Zamri akaanguka kifudifudi, analia kama mtoto. Yule binti alishatoka mbio zamani.

Haslinda akainuka kwa kushika ukuta. Akachukua funguo za gari mfukoni mwa mumewe.

"Twende nyumbani, mwanangu," Mak Senah akasema, anahema. "Tutayamaliza kifamilia."

"Mak, miaka saba ananipiga mbele yako, hukuinua hata kijiko. Leo umeinuka kwa sababu ya hawara?"

Mama mkwe akalitupa doriani. Machozi yakamshuka.

"Panda gari," Haslinda akamwambia. "Tunapitia polisi kwanza. Shahidi wangu ni wewe."

Mak Senah akatangulia kushuka ngazi.