Somo la Kwanza Limefungwa

Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Manyunyu yalikuwa yamekatika punde, na jua lilikuwa likipasua mawingu juu ya mapaa ya chuo. Ndani ya ukumbi wa usajili watu walijaa pomoni: wauguzi, makarani, madereva na akina mama waliokatisha masomo zamani na sasa wamerudi kuyadai. Walisukumana kwa adabu mbele ya kompyuta, miavuli yao ikidondosha maji sakafuni.

Mwalimu wa hisabati aliingia akiwa ndani ya suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali, tai kaikaza hadi kooni. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akichelewa, wala akimsamehe aliyechelewa. Macho yake yalitua kwenye kompyuta ya pembeni. Mama mmoja wa makamo alikuwa akihangaika na kipanya, jasho likimtoka, na nyuma yake alisimama mwanamke kijana mwenye gauni la rangi ya machungwa, mikono kaifumbata mgongoni, anatazama tu.

Kengele hakuvumilia. Alipenya, akainama, akamwonyesha yule mama mahali pa kubonyeza. Ukurasa ukafunguka, mama akamshukuru kwa dua nyingi.

"Dada," Kengele akamgeukia mwenye gauni, "mtu anazama nawe umesimama ukingoni?"

"Kaka, umeniharibia kipimo. Nilitaka kujua anapotelea wapi. Sasa nimejua tu kwamba wewe hupotei."

Alikuwa mbunifu wa kozi za mtandaoni, aliyeletwa na chuo kwa mkataba wa majaribio. Kazi yake, alieleza, ilikuwa kumtazama mgeni akiutumia ukurasa bila kumsaidia hata kwa kikohozi; mgeni akikwama, kosa ni la ukurasa. Kengele alimjibu kwamba katika bweni alimolelewa, aliyepotea alilaumiwa yeye, si njia. Mwanamke akamtazama toka viatu hadi tai, akasema, "Pole," na alionekana kumaanisha.

Kabla ya adhuhuri Mkuu wa Idara, mama mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliitii, aliwaita ofisini wote wawili. Kozi ya kwanza ya mtandaoni ingekuwa hisabati ya watu wazima: Kengele atafundisha, mbunifu ataijenga. Ikifaulu, kozi nyingine zote za chuo zitakuwa mikononi mwa mbunifu. Ikianguka, mkataba wake unaishia hapo.

Wakaanza kwa kugombana. Mhadhara wa Kengele wa saa nzima mbunifu aliukata vipande vya dakika chache chache. Kengele akasema amemchinjia somo. Mbunifu akaondoa vitufe vingi, akabakisha kimoja kikubwa kilichoandikwa "Endelea hapa". Kengele akauliza kama wanafundisha watu wazima au vifaranga. Lakini mwanafunzi wa kwanza kujaribu, dereva wa lori, alipita kutoka somo hadi somo bila kuuliza neno, akacheka peke yake alipopata jibu sahihi, akaomba aongezewe maswali. Kengele alikaza uso kwa jitihada kubwa ili furaha isimtoke. Tangu siku ile alimwita mbunifu yule Fundi.

Kurekodi video ndiko kulikowamaliza. Mbele ya kamera Kengele alisimama wima kama mlingoti na kuhutubia. Fundi alisimamisha kazi, akamwambia asiongee na umati, aongee na mtu mmoja.

"Mtu gani?"

"Mchague mwenyewe."

Kengele akainua macho juu ya kamera, akamwona Fundi, penseli sikioni, kitambaa cha kijani kichwani, kidevu juu ya ngumi. Akaeleza sehemu na desimali kwa upole ambao wenzake wasingeuamini. Fundi alichelewa kuzima kamera kwa dakika nzima, naye akaisingizia betri.

Simu zikaanza. Kengele alimpigia Fundi kumuuliza kuhusu rangi ya ukurasa, kisha kumuuliza kama amekula, kisha hakuwa na swali lolote.

"Mwalimu wangu, wewe hata 'nakupenda' utaianza kwa utangulizi?"

"Utangulizi humwandaa msikilizaji."

"Msikilizaji amejiandaa tangu wiki iliyopita, laazizi. Endelea hapa."

Akaendelea. Alisema yote, tena kwa sentensi kamili.

Jambo moja tu hawakupatana. Kengele alitaka kila somo lifungwe mpaka la kabla yake likamilike, maana nidhamu ni hatua kwa hatua. Fundi, kwa mapenzi, alimkubalia, akampa na ruhusa ya kupanga makufuli mwenyewe. Akaijaribu kozi yote mara ya mwisho, ikapita. Alasiri ileile, siku moja kabla ya uzinduzi, Kengele alipata wazo kwamba asiingie mtu kabla hajapimwa. Akaliunganisha somo la kwanza na jaribio pekee lililokuwamo kwenye kozi, akahifadhi, akaondoka ameridhika. Hakumwambia mtu, kwake lilikuwa jambo la dakika mbili.

Ukumbi ulifurika siku ya uzinduzi. Fundi alivaa suti ya bluu, hereni za fedha zikimetameta. Walimu walikaa mbele, wanafunzi nyuma na simu mikononi. Mkuu akatoa ruhusa. Mamia ya vidole vikabonyeza. Kwenye skrini kubwa yakatokea maneno: Somo hili limefungwa. Wakabonyeza tena. Limefungwa. Minong'ono ikapanda, mtu akacheka.

Fundi alikimbilia kompyuta, akatazama, ghafla akatulia. Kengele, aliyeungua masikio kwa aibu, akasimama.

"Mimi nimekabidhi masomo yangu yakiwa kamili. Aliyejenga mlango ndiye aulizwe kwa nini haufunguki. Nilionya mapema kwamba mzaha mwingi hauleti kazi."

Fundi alichukua mkoba, akapita katikati ya viti akiwa ameinua kichwa. Mkuu akaahirisha uzinduzi hadi Ijumaa na kusema atatafuta mtu mwingine. Fundi hakupokea tena simu za Kengele.

Jumatano, dada mkubwa wa Kengele, muuguzi aliyejiandikisha katika kozi hiyo ili apande cheo, alitoka zamu na kwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, sare ikingali mwilini. Akafungua simu mezani, akamwamuru akae kimya, asiiguse. Kengele akafumbata mikono.

"Haya sikiliza. Ili kufungua somo la kwanza, maliza jaribio la mwisho." Akabonyeza. "Ili kufungua jaribio la mwisho, maliza masomo yote kuanzia la kwanza." Akaweka simu chini. "Mdogo wangu, aliyepanga hivi alikuwa mzima?"

Kengele akailegeza tai.

"Ni mimi, dada."

"Na wifi yangu umemlaumu mbele ya chuo kizima. Kampigie. Na usimhutubie."

Safari hii, baada ya kupigiwa mara nyingi, Fundi alipokea. Kengele akasema alichokifanya, bila kukizungusha.

"Nilikiona palepale ukumbini," akajibu Fundi.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mbele ya wanafunzi wako kwamba ni wewe? Nilikusitiri. Nikadhani utakuja kuangalia mwenyewe kabla jua halijatua."

Akaomba radhi. Akaahidi kumwandikia Mkuu faraghani asubuhi. Fundi akakataa kwa utulivu uliomuumiza kuliko makelele.

"Ulinivunjia heshima ukumbini. Simu si ukumbi."

Ijumaa, watu walewale, viti vilevile. Fundi alisimama karibu na mlango, gauni jeupe, uso usiosomeka. Mkuu alimwita akabidhi kazi. Kengele akanyanyuka kabla ya kuitwa. Alifahamu kwamba wapo vijana pale ambao wangemcheka hadi anastaafu.

"Mlango ulifungwa na mimi. Niliongeza sharti bila kumwambia aliyeujenga, kisha nikamtupia lawama mbele yenu. Kazi yake haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa mimi. Ninamwomba radhi, na ninawaomba mniruhusu nitoe kufuli langu."

Akalitoa mbele ya skrini. Simu moja ikatoa sauti ya Kengele ikifundisha desimali, kisha ya pili, kisha ukumbi mzima. Wanafunzi wakaingia kama maji. Watu wazima wakapigiana makofi kila jibu lilipogeuka kijani, na dada yake akasimama juu ya kiti kuonyesha alama zake. Mkuu akamwambia Fundi kwamba kozi zote zilizobaki ni zake.

Kengele alimkuta nje kwenye ujia wa madirisha, akifuta macho na kucheka kwa pamoja. Hakutafuta maneno.

"Nataka kukuoa."

Fundi alimtazama kwa makini.

"Unaniomba kwa kuwa unanipenda, au kwa kuwa unajiona una deni kwangu?"

"Deni nimelilipa mle ndani, na watu wameshuhudia. Hili ni ombi la mtu asiyedaiwa."

"Ni kweli, umelilipa lote," akasema Fundi, akampa mkono. "Nami nimekubali."